Siku Nilipompigilia Enta Misumari

Jana mchana, adhuhuri imeshapita na alasiri haijaingia, niliota nikiwa nimelaza shavu juu ya kibodi. Niseme mapema kwamba mimi si mwotaji. Mke wangu Rukia huota mpaka bei za vitunguu. Mimi hulala fofofo na kuamka na njaa. Lakini hii ya jana lazima niiandike kabla haijanitoka, kwa sababu moyo bado unanidunda, na kwa sababu ya karatasi moja nitakayoieleza mwishoni.

Kwanza yaliyotangulia, maana ndoto haikuja bila mwaliko.

Naitwa Hizza Mhina, natengeneza fomu za mtandaoni hapa Muheza. Fomu ya safari hii ni ya kuandikisha watoto wachanga, na ofisi iliyonipa kazi ilipanga kuifungua kwa wananchi leo saa mbili asubuhi. Mtoto huandikishwa mara moja. Fomu ikishatumwa imetumwa, na kuisahihisha kunataka barua tatu, kiapo, na nauli ya kwenda na kurudi makao makuu.

Mtoto wa kwanza kuandikishwa alipaswa kuwa wangu. Jana alikuwa na siku sita. Kwetu jina la mtoto halitajwi mpaka siku ya saba, kwa hiyo tulilijua watu wawili tu, mimi na Rukia, na tulikuwa tumelilalia kama kuku na yai lake.

Wa kuichapa fomu hiyo ni Shangazi. Shangazi, dada yake marehemu baba, alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya wilaya kwa miaka thelathini na moja. Cheti changu cha kuzaliwa alikichapa yeye. Hati yangu ya ndoa alikataa katakata kumwachia mtu mwingine. Katika ukoo wetu mtu hajawa mtu mpaka Shangazi amchape. Basi ofisi ilipotafuta wachapaji wepesi wa kuingiza fomu za karatasi kwenye kompyuta, nikampeleka yeye, kifua mbele.

Jana asubuhi tukafanya majaribio. Shangazi akakaa, akavua saa ya mkononi, akaiweka upande wa kulia, akaanza. Ndani ya nusu saa alikuwa amemaliza fomu arobaini na moja. Wenzake wakampigia makofi. Mimi nikafungua upande wa pili kutazama kilichofika, nikakuta watoto arobaini na mmoja wenye jina tu. Hawana tarehe ya kuzaliwa, hawana jinsi, hawana mama.

Kisa ni mkono wake. Kwenye taipureta mstari ukiisha, mkono wa kushoto unasukuma kipini cha pembeni, karatasi inapanda, unaanza mstari wa pili. Kompyuta zilipoingia ofisini kwao, aliyewafundisha aliwaambia kile kipini sasa kinaitwa Enta. Kwa hiyo Shangazi akimaliza kisanduku cha kwanza hugonga Enta ili aende cha pili. Na fomu yangu, ukigonga Enta ukiwa ndani ya kisanduku chochote, inajituma yenyewe. Mkono uliozoea kunyonga, kuchinja hauwezi.

Ningeweza kusema maneno mengi mazuri. Niliyosema, mbele ya wachapaji wengine wanne, ni haya: "Shangazi, hii si taipureta. Umeharibu wewe, si mashine."

Alivaa saa yake. Akatoa kwenye mkoba kile kitambaa chake cheupe cha kufuma, akafunika kibodi kama alivyokuwa akifunika mashine yake kila jioni kwa miaka thelathini na moja, akasema, "Haya, baba," akaondoka. Kwa kawaida huniita Hizza. Ukiitwa baba na shangazi yako kwa sauti ile, afadhali angekutukana.

Nikabaki na hasira ya mtu anayejua kakosa. Nikafunua kibodi, nikaandika mistari miwili ya kumfunga Enta: popote atakapoguswa, asisikie. Nikaona kazi imekwisha. Mtoto alikuwa ametukesha siku sita mfululizo, nikakikunja kile kitambaa pembeni ya kibodi na kulaza shavu kidogo tu. Ndipo nikaota.

Niko kwenye meza ile ile, ila meza iko katikati ya soko la machungwa. Hakuna anayeshangaa. Mama mmoja anapanga machungwa matano matano pembeni ya skrini yangu, ananiambia nisogeze kiwiko.

Mbele yangu amesimama kitufe. Ni mrefu kama kabati la nguo, rangi ya majivu, na kifuani ana mshale uliopinda kwenda kushoto. Kofia ameishika mkononi.

"Asalamu alaikum, Hizza."

"Waalaikumu salaam. Sijakufahamu."

"Mimi Enta. Nimekuletea watu wako."

Nyuma yake kuna foleni. Nawahesabu, ni arobaini na mmoja. Wa kwanza ni kijana mwenye ndevu, ananyoosha mkono kunisalimia lakini mkono haunifikii.

"Naitwa Fikirini," anasema. "Uniwie radhi, bado sijazaliwa. Sehemu ya tarehe iko wazi."

"Utazaliwa lini?"

"Hilo ndilo tulilokuja kukuuliza."

Wa pili amevaa kanzu na juu yake kajifunga kanga. Kwenye paji la uso pameandikwa CHAGUA HAPA. Analalamika kwamba kila anayepita anamgonga paji kwa kidole kisha anaendelea na safari zake. Wa tatu analia taratibu kwa sababu hana mama. Si kwamba mama amefariki, kisanduku chake ndicho hakikujazwa. Anamtazama kila mwanamke sokoni kwa matumaini, na mama wa machungwa kila akitazamwa anampa chungwa.

"Mbona umewatuma hivi?" namuuliza Enta.

"Niliguswa."

"Uliguswa wakiwa wapi?"

"Sijui walikuwa wapi. Mimi nikiguswa natuma. Ndivyo ulivyoniweka."

"Mimi?"

"Hukuniambia neno. Asiyeambiwa neno hufanya alichozoea."

Anasema bila kinyongo, kama bawabu anayekueleza kwamba ofisi imefungwa. Kisha anainama karibu na sikio langu. Ananuka vumbi na makombo ya mkate.

"Wa arobaini na mbili yuko njiani," ananong'ona. "Ni wako."

Nageuka. Kapu la ukindu linakuja peke yake juu ya machungwa, na ndani yake amelala binti yangu, amekunja ngumi. Kapu linaingia kwenye kisanduku cha kwanza. Ni kisanduku kweli, cha mbao, kimeandikwa JINA LA MTOTO kwa rangi ya milango. Herufi zinaanza kudondoka ndani yake kutoka juu, moja moja, zina uzito wa kokoto. Inadondoka M. Inadondoka W.

"Jina likiisha tu nitaguswa," anasema Enta. "Nikiguswa, anaondoka."

"Na jina tu?"

"Na jina tu."

Sina muda wa kufikiri. Mkononi nina nyundo, na nyundo hiyo usiniulize ilitoka wapi. Mama wa machungwa ananikabidhi misumari kwenye mfuko wa karatasi. Nampigilia Enta mezani. Hajitetei hata kidogo. Msumari wa kwanza ananishikia mwenyewe usiende upande.

"Huo wa kushoto unalegea," ananisaidia.

Napiga arobaini na moja, mmoja kwa kila mtu wa foleni. Kwa kila pigo wale watu nusu wanashangilia. Vigelegele vinapaa, na yule wa CHAGUA HAPA, asiye na jinsi, anapiga chake kwa tahadhari, nusu kigelegele nusu mluzi. Nimefurahi mpaka nacheka peke yangu! Natamani Shangazi angekuwepo anione. Herufi zinaendelea kudondoka, A, kisha N, lakini mimi sijali tena. Mlango nimeufunga.

Nageuka nimshukuru mama wa machungwa, nakuta soko limekuwa stesheni ya reli.

Katikati ya reli mbili kuna mstari wa maandishi, umenyooka kutoka upande wa Korogwe mpaka hapa. Mwishoni mwa mstari amechuchumaa mzee mwenye miwani myeusi, anachapa kwa vidole kumi bila kutazama, maana haoni. Kila neno analochapa linatokea mbele yake, naye analifuata kwa kuchuchumaa hivyo hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa wapi?"

"Stesheni ya Muheza."

"Lahaula! Salamu niliziandikia Korogwe."

Anajitambulisha kuwa ni Mwalimu Kilua, alifundisha jiografia kabla macho hayajamwacha. Anaandikisha mjukuu wake, na kwenye sehemu ya maelezo anataka kueleza jinsi mtoto alivyozaliwa nyumbani kwa sababu mvua ilikata njia.

"Nimeeleza vizuri tu," anasema, "ila sipati mstari wa pili. Nagonga Enta, kimya. Nikienda hivi nitamalizia Tanga mjini."

Nakohoa.

"Si hilo tu," anaendelea mzee. "Mlangoni nilishafika, nikarudishwa."

Mlango uko pale pale stesheni, pembeni ya dirisha la tiketi, umeandikwa TUMA. Kitasa chake ni Enta. Ni yule yule, na misumari yake yote arobaini na mmoja, ananipungia kidole kimoja kilichobaki huru.

"Wenzangu wanaingia na kipanya," anasema Mwalimu Kilua.

Ni kweli. Kipanya kidogo cha kijivu kinapita, kinawakamata watu kidole cha shahada, kinawavuta mpaka mlangoni, kinabonyeza kwa pua na mlango unafunguka. Mwalimu kinampita.

"Mimi sikioni, na chenyewe hakisemi," anaeleza. "Mimi huja kwa kuhesabu. Kisanduku, kisanduku, kisanduku, mlango. Nikifika nagonga, nafunguliwa. Miaka yote imekuwa hivyo. Leo kwani Enta kafa?"

"Hajafa, Mwalimu. Nimempigilia misumari."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanamgonga bila kukusudia, wanatoka nusu."

Anafikiri. "Yaani watu walijikwaa wakaangukia mlango," anasema, "ndipo wewe ukauziba."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mwalimu anayerudisha daftari zuri lenye kosa moja kubwa. Nyani haoni kundule. Nikaona aibu pale pale, na aibu ya asubuhi, ile ya Shangazi, nayo ikaja ikakaa kando yake kwenye benchi la stesheni, zikasalimiana.

Nyuma yangu nasikia kitu kinadondoka. A. Kisha K.

Nakimbia! Kutoka stesheni mpaka sokoni ni hatua moja, halafu ni ngazi, halafu ni bati la moto chini ya miguu yangu. Niko juu ya paa la ofisi. Katikati ya paa amekaa Shangazi, na mbele yake ipo taipureta yake ya kijani, ile nzito iliyovunja meza mbili. Uso ameufunika kwa kile kitambaa cheupe. Vidole vinakwenda, na kila herufi anayoichapa inatumbukia chini kwenye kisanduku cha binti yangu. Anachapa jina asilolijua, macho yamefunikwa.

"Shangazi, subiri!"

"Haya, baba," anasema, na anaendelea.

H. E.

Pembeni ya taipureta kipini kinamngoja. Kimefungwa kamba, na kamba inashuka ukutani, inapita katikati ya machungwa, inaishia kifuani kwa Enta. Sasa naelewa nilipojifikisha. Enta akibaki na misumari, binti yangu atakaa kisanduku cha kwanza maisha yake yote, ana jina na hana mama. Nikiing'oa, ataondoka hivyo hivyo nusu. Wale arobaini na mmoja wameketi chini kungoja nitachagua lipi, na Fikirini, ambaye hata hajazaliwa, ndiye mwenye wasiwasi kuliko wote.

"Umemuuliza anataka nini?" Ni Mwalimu Kilua, amefika juu ya paa kwa kuhesabu ngazi.

"Nani, Enta?"

"Huyo mama anayechapa."

Sijawahi kumuuliza. Naweka mikono mdomoni, napiga kelele ingawa amekaa hatua mbili tu kutoka kwangu.

"Shangazi! Ukisukuma kipini, unakuwa unataka nini?"

Vidole vinasimama. Chini ya kitambaa naona amestaajabu.

"Nataka nini? Nataka mstari wa pili, Hizza. Mtu akimaliza mstari wa kwanza, kuna kingine anachotaka?"

Nilikuwa nikitafuta miwani iliyo usoni kwangu. Hakutaka kutuma! Mara zote arobaini na moja hakutaka kutuma chochote popote, alikuwa akiomba mstari wa pili kwa adabu, na mimi nikamtolea watoto nje, kisha nikamwambia kaharibu yeye.

Narukia sokoni. Nang'oa msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wale nusu wanakuja kunisaidia, wanang'oa kwa kucha, kwa meno, mama wa machungwa anang'oa kwa kisu cha kumenyea. Enta anajinyoosha na kujipukuta makombo.

"Nisikilize," namwambia nikihema. "Leo nakuambia. Mtu akikugusa yumo ndani ya kisanduku, hataki kuondoka. Mshike mkono umpeleke kisanduku kinachofuata."

"Kinachofuata," anarudia taratibu.

"Akiwa kwenye maelezo marefu, mpe mstari mpya."

"Alhamdulillahi," anasema Mwalimu Kilua. Kule relini mstari wake unaanza kujikunja kutoka Korogwe, unapanda aya juu ya aya, mpaka unamwenea kiganjani.

"Na mlangoni?" anauliza Enta.

"Aliyefika mlangoni akagonga, mfungulie. Mwenye kipanya na asiye nacho."

"Na aliyefika kwa kujikwaa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nakuna kichwa. "Msomee kwanza alichoandika, kwa sauti. Muulize kama ndivyo. Kuuliza si ujinga. Akisema ndiyo, fungua."

Enta ananitazama. Macho yake yana maji, au ni chai niliyowahi kummwagia.

"Basi hayo tu?" anasema. "Miaka yote nawatupa watu nje nikidhani ndicho wanachotaka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia wako wapi wanaponigusa."

R. I. Jina limeisha.

Kengele ya taipureta inalia juu ya paa: ting! Mkono wa kushoto wa Shangazi unasukuma kipini. Kamba inakazika, inapita ukutani, inapita kwenye machungwa, inamgusa Enta kifuani. Mimi nafumba macho.

Nafumbua. Enta ameinama. Ameingiza mikono yake mipana ndani ya kisanduku, amelinyanyua kapu bila kumwamsha mtoto, na analiweka kwenye kisanduku cha pili. Tarehe ya kuzaliwa!

Ting, jinsi. Ting, mahali alipozaliwa. Ting, baba. Nakimbia kandokando ya kapu kutoka kisanduku hadi kisanduku nikipiga makelele, na foleni yote inanifuata, maana sasa na wao wanachapwa upya. Fikirini anazaliwa mbele ya macho yangu, siku ya Ijumaa, na ndevu zake. Watu wanampa hongera. Yule wa pili anafutwa paji la uso, kumbe ni mwanamke, na amekasirika kwamba haikumpitikia mtu kumuuliza mapema. Wa tatu anapewa mama. Ni mama wa machungwa.

"Nilikuwa nakupa machungwa yote hayo," anamwambia, "wewe ulidhani kwa nini?"

Ting, mama: Rukia. Kapu linafika mlangoni. Enta anavaa kofia yake, anajikohoza, anasoma kwa sauti ya karani wa mahakama.

"Mtoto, Mwanakheri. Jinsi, kike. Amezaliwa Muheza. Baba, Hizza Mhina. Mama, Rukia Abeid. Je, ndivyo?"

Juu ya paa kitambaa kinashuka usoni taratibu. Sikuwaambia bado jina la Shangazi. Shangazi anaitwa Mwanakheri.

"Rudia," anasema.

"Mwanakheri," anarudia Enta. "Je, ndivyo?"

Nafungua mdomo niseme ndiyo. Sijawahi kutaka kusema neno kama ninavyolitaka hili. Sauti haitoki. Shangazi ananitazama mimi, Enta ananitazama mimi, Fikirini ananitazama mimi, na kengele inalia ting, ting, ting.

Nikaamka.

Shavu langu lilikuwa juu ya Enta. Skrini ilikuwa imejaa mistari mitupu, mamia, chini chini kwenye sehemu ya maelezo, na hakuna fomu hata moja iliyotumwa. Niliitazama kwa muda kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa nimemfunga Enta popote. Hakupaswa kutoa hata mstari mmoja. Pengine nilisinzia kabla ya kuhifadhi kazi yangu. Pengine.

Sikubishana na bahati. Nilifuta ile mistari miwili ya hasira, nikaandika upya kama nilivyomwambia Enta sokoni, nikaongeza ukurasa wa mwisho unaomsomea mtu alichojaza na kumuuliza kama ndivyo. Nikajaribu mara arobaini na moja. Mwisho nikachomoa kipanya, nikafumba macho, nikaenda kwa kuhesabu: kisanduku, kisanduku, kisanduku, mlango. Nikagonga, pakafunguka, nikaruka juu peke yangu ofisini mpaka kiti kikaanguka.

Kisha nikachukua kile kitambaa cheupe, nikaenda kwa Shangazi. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshatoka.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Marahaba kavu, isiyo na maji.

Alikuwa amekaa sebuleni mbele ya taipureta yake ya kijani. Nilimpa kitambaa kwa mikono miwili.

"Shangazi, nimekuja kuomba radhi. Kosa la asubuhi halikuwa lako. Mashine ndiyo haikujua unachotaka, na mashine niliifundisha mimi. Nimeirekebisha. Sasa ukigonga Enta inakupeleka mstari wa pili."

"Nilijua si langu," alisema. "Kaa. Mbona shavu lina alama ya mraba?"

Sikukaa. Nilikuwa nimeiona karatasi iliyovishwa kwenye taipureta.

"Na wewe unieleze hii," alisema. "Kengele ya mashine hii ilikufa mwaka niliostaafu. Leo niko chumbani nakunja nguo, naisikia inalia. Ting. Nikasema ni panya. Nimetoka, nakuta karatasi imeingia na imechapwa. Mimi mashine hii sijaigusa tangu Ramadhani."

Karatasi ilikuwa na mstari mmoja. MWANAKHERI HIZZA MHINA.

"Jina langu nalijua," alisema Shangazi. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Na baba yangu aliitwa Semkiwa. Huyu Mwanakheri wa Hizza ni nani?"

Nilitazama saa ya ukutani. Kwetu siku huanza magharibi, na kufika magharibi kulibaki saa mbili nzima. Jina halitajwi kabla ya siku ya saba, nami sikulitaja.

"Ni mgeni wetu wa kesho, Shangazi," nilisema. "Anasubiri umchape."

Alivua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa, ingawa ilikuwa safi. Alilia bila sauti. Mimi nililia kwa sauti, maana mimi ndiye niliyekosa. Kisha akavaa miwani, akavua saa ya mkononi, akaiweka upande wa kulia. Mkono wake wa kushoto ukasukuma kipini, na karatasi ikapanda.

"Haya, baba," alisema. "Mstari wa pili niandike nini?"